Kichwa cha treni hakijafa, reli ndo chafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huku watu wanaleta mambo ya maji na barabara na bei ya sukari, mi naleta habari za treni ya kuchezea, ila nivumilie, maana kuna msomaji mwenzangu wa Tabata aliandika hapahapa akilalamika kwamba kanunua treni ya umeme ya mtumba kwa ajili ya mwanae, ile ya reli za chuma unazounganisha kipande kwa kipande, na eti ile treni inajua mambo mawili tu, kukimbia kama imeona nyoka au kusimama. Akipunguza spidi inakwama, akiigusa kwa kidole inaruka tena inaenda hatua mbili inakwama. Akamalizia kwamba hizi ni takataka wanazotutupia wazungu na mota zake zimeshakufa.

Kwa heshima zote mi nampinga. Mota yake haijafa, na ushahidi katoa mwenyewe bila kujua, ni kile kidole. Ntaeleza. Ila kabla sijaeleza namuomba kitu kimoja tu, asiipeleke kwa fundi kwanza, maana mi ya kwangu niliipeleka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Temeke, sio fundi umeme wala sijasomea hayo mambo. Treni nilizipenda toka utotoni, tulikua Vingunguti na reli ya kati inapita pale, tukisikia honi tunaacha kila kitu tunakimbilia kupunga mikono. Na kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo sio treni ikikimbia, ni treni ya mizigo ikianza kuondoka. Kichwa kinavuta, behewa la kwanza linashtuka, la pili linashtuka, unasikia ka-ka-ka-ka linaenda mpaka mwisho kabisa huko usipopaona, na magurudumu yanazunguka taratibu mno mpaka unaweza kusoma namba zilizopigwa rangi ubavuni. Sasa ukiweka treni mezani halafu ikaondoka kama bodaboda iliyoona trafiki, hiyo mi siiti treni. Siku hizi watu wakisikia treni wanataja kilometa 160 kwa saa za SGR, ile reli yetu mpya ya umeme, sawa, lakini hata SGR yenyewe ikitoka stesheni pale mjini haianzi na 160, inaanza kwa kunyata.

Ya kwangu niliipata Karume, soko la mitumba, kwenye mzigo wa midoli, boksi limechanika, ndani kuna kichwa kimoja, mabehewa matatu, reli za kutosha duara moja na kile kiboksi cha kuzungusha kuongeza na kupunguza spidi. Bei ilikua sawa na hela ya kushona suruali mbili. Ubavuni mwa boksi imeandikwa HO, nikaja kujua maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Upana wa reli ni milimita 16.5, ukizidisha mara 87 unapata kama 1,435, ambao ndo upana wa SGR yetu, wakati reli ya zamani ya kati ni 1,000 kamili na TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni 1,067. Kwaiyo mezani kwangu SGR ilifika mapema kabisa, bila mkopo.

Ikawa na tatizo lilelile la ndugu yangu wa Tabata. Nikampelekea kijana mmoja fundi redio, jina namsitiri, akaisikiliza kama daktari, akasema mzee hii mota imechoka. Akaitoa, akaweka mota ya redio kaseti, halafu akachukua msasa akasugua magurudumu mpaka yakang'aa kama sufuria mpya. Nikalipa. Nikafika nyumbani, nikawasha, ikaondoka moja kwa moja, kona ya pili ikatoka relini ikaanguka sakafuni ikavunja kile kindoano cha kuvutia mabehewa. Na nilipopunguza spidi ikakwama palepale ilipokua inakwama mwanzo. Palepale! Karibu na mguu wa meza upande wa dirishani. Hapo ndo akili ikanijia, kama mota ni nyingine na inakwama sehemu ileile, basi ugonjwa hauko kwenye mota. Ile mota ya zamani alinirudishia kwenye kimfuko, nikaigusisha na betri mbili za rimoti, ikazunguka laini kabisa. Mota nzima nimelipa hela kuitoa.

Usiku huo nikazima taa ya chumba nikaacha treni inatembea gizani. Kila mwenye treni ya namna hii nawaomba mfanye hivi kabla ya kushika bisibisi. Nikaona cheche chini ya magurudumu, vicheche vidogo vya bluu, vingine hapa vingine pale, na upande wa dirishani zilikua nyingi kama mtu anachoma vyuma. Kila cheche ni sehemu ambayo gurudumu limekosa kugusa reli vizuri na umeme umelazimika kuruka. Maana umeme wote wa hii kitu unapita hapo, reli moja inaleta, reli nyingine inarudisha, na kinachoshika ni kaeneo kadogo kama ncha ya pini chini ya kila gurudumu. Kakiingia kavumbi tu kazi imeisha.

Sasa mbona ikikimbia haikwami? Hapo ndo penyewe. Ikiwa mbio, mota inazunguka kwa nguvu ya mwendo wake yenyewe, na vichwa vizuri vina kigurudumu kizito cha chuma au shaba kwenye ekseli ya mota ambacho kinaendelea kuzunguka hata umeme ukikatika kidogo, kwaiyo inaruka uchafu bila wewe kujua. Ikiwa taratibu haina cha kuibeba. Piga hesabu ya 87, treni ya kweli ikienda 160 kwa saa, ya mezani inatakiwa iende kama sentimita 51 kwa sekunde. Ya kweli ikinyata kilometa 5 kwa saa, ya mezani ni sentimita moja na nusu na ushee tu, yaani mita moja inaivuka kwa dakika nzima. Uchafu uleule, kadoa kalekale, treni inakaa juu yake mara 32 zaidi. Na wakati huohuo umezungusha kiboksi umepunguza volti, badala ya 12 unaipa mbili au tatu, kwaiyo umeme wenyewe mnyonge na kizuizi ni kirefu. Lazima isimame.

Na sasa turudi kwenye kidole cha ndugu wa Tabata. Vichwa vingi vya hivi vina gia ya mfano wa skrubu, mota inazungusha skrubu, skrubu inazungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuzungusha skrubu kurudi nyuma. Ukikisukuma kwa kidole huizungushi mota hata kidogo, unachofanya ni kuburuza magurudumu milimita moja mbili kutoka kwenye uchafu kwenda kwenye sehemu safi. Ndo maana inaruka. Ingekua mota imekufa ungesukuma mpaka kesho.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kufuta. Msasa hapana, mi ndo niliopata hasara, msasa unachora mikwaruzo na kila mkwaruzo ni mfereji wa kukusanyia uchafu, ile kung'aa inadumu siku tatu halafu inakua mbaya kuliko mwanzo. Nenda duka la dawa nunua spiriti, chukua kitambaa cheupe cha pamba, mi natumia vipande vya popelini vinavyobaki kwenye mashati, kaza kwenye kidole futa juu ya reli na kwenye ukingo wa ndani. Kitambaa kitatoka na mstari mweusi tii kama umefuta masizi. Geuza upande safi, rudia, usiache mpaka kitoke cheupe. Hapa Dar inabidi kurudia mara kwa mara kuliko wenzetu wa bara, kuna hewa ya chumvi, kuna vumbi, kuna feni inazunguka saa ishirini na nne inakusanya kila kitu inaleta mezani, na kama meza iko karibu na jiko basi mvuke wa mafuta ya kukaangia nao unatua humohumo. Pitisha sumaku pia, reli ikinasa ni ya chuma, hiyo kwa unyevu wa hapa itashika kutu tu utapigana nayo milele, isiponasa ni afadhali sana.

Magurudumu watu wengi wanayasahau. Njia yake ni hii, lowesha kitambaa kidogo kwa spiriti, kilaze juu ya reli zote mbili, weka kichwa nusu yake iwe juu ya kitambaa na nusu nyingine iwe kwenye reli wazi, kishike kwa mkono kisitembee, fungulia umeme. Magurudumu ya kwenye reli yanapokea umeme, ya kwenye kitambaa yanazunguka yanajifuta yenyewe, unaona michirizi myeusi inatokea miwili sambamba. Halafu geuza ufute ya upande wa pili. Angalia tu kitambaa kiwe na unyevu, kisiwe kinadondosha, na fungua dirisha, maana spiriti inashika moto na hapo nimeshakwambia kuna cheche. Mtoto asifanye hiyo peke yake. Na mabehewa nayo futa, hasa yenye magurudumu ya plastiki, hayo ndo yanasambaza uchafu duara zima, ukifuta reli ukaacha mabehewa ni kama kudeki halafu ukapita na ndala zenye matope.

Mimi baada ya hapo treni ikapona kama nusu. Ikawa haikwami tena dirishani ila ikawa inajikunja, inaenda, inasita, inaenda, kama mtu mwenye kichomi. Nikafungua chini. Mhariri, nilicheka peke yangu. Kwenye ekseli ya pili, pembeni kabisa ya gia, kulikua na uzi mwekundu umejizungusha kama mara kumi, umekaza, umelowa mafuta, uzi wa masweta ya shule ambayo nilikua nashona Januari. Fundi cherehani mzima, kila wiki nafungua boksi la bobini natoa nyuzi kwenye cherehani za watu, na treni yangu mwenyewe sikuwahi kufikiria. Nikautoa kwa sindano na kibano, ule msito ukaisha palepale. Hata kama wewe hushoni, nywele na nyuzi za zulia zinafanya hivohivo.

Mafuta nayo yana adabu yake. Mi nilikua najua cherehani ikilia unaimwagia, treni sio hivo. Tone moja la mafuta ya cherehani, tena tone la ncha ya sindano, pale ekseli ya chuma inapozungukia. Kwenye gia za plastiki weka grisi nyeupe ya silikoni kiduchu, isisogee kabisa kwenye kaboni za mota, vile vipande vyeusi vinavyoingiza umeme ndani ya mota, wala kwenye vile vibati vinavyogusa magurudumu kuchukua umeme. Ukizidisha, mafuta yanashuka kwenye magurudumu, magurudumu yanapaka reli, reli inashika vumbi, umerudi ulipoanzia. Halafu iache itembee nusu saa mbele na nusu saa nyuma, spidi ya kati, bila kuvuta kitu, hasa kama ilikaa kwenye boksi miaka, mafuta yatawanyike na kaboni zikae sawa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kufuta hakuuponyi. Kama treni inaenda vizuri karibu na waya zinapoingilia halafu ikifika upande wa pili wa duara inalegea, ni vile vibati vya kuungia reli. Kila kiungo kinakula umeme kidogo, na ukipita viungo sita saba kinachofika upande wa pili ni huruma tu. Minya vibati kwa koleo vikaze, ila dawa ya kweli ni kuongeza waya, mi nimeshusha waya sehemu nne chini ya meza na kuzisolda kwenye reli kwa pembeni. Angalia usichanganye, reli ya ndani waya rangi moja, ya nje rangi nyingine, ukikosea ni shoti. Usisolde viungo vyote lakini. Meza yangu nilitengenezewa Keko kwa plaiwudi, na plaiwudi ya hapa mvua za masika zikianza inavimba, kiangazi inanywea, reli zikikosa pa kupumulia zinapinda.

Na kile kiboksi cha spidi. Vile vya zamani vinapunguza umeme kwa kuuchuja, ni kama kufungua bomba kidogo mpaka maji yanatoka kamba nyembamba, na mota inahitaji msukumo ili ianze, kwaiyo unazungusha unazungusha haitoki, ikija kutoka umeshapitiliza inachomoka. Nikanunua Kariakoo kale kabodi ka kudhibiti spidi ya mota, kanafanya tofauti, kanatoa volti zote 12 lakini kwa kukata na kuachia haraka haraka, mara nyingi mno kwa sekunde, ukitaka taratibu kanaachia kidogo na kukata kwa muda mrefu. Kila kipigo kina nguvu kamili kwaiyo mota inanyanyuka hata kwa mwendo wa konokono. Mtu wa cherehani ya miguu ananielewa, ukifika ncha ya kola hukanyagi taratibu ukasubiri, unagusa, unaacha, unagusa, sindano inashuka mshono mmoja mmoja unapotaka. Mota inavuma kidogo kama mbu, usiogope. Ila kama kichwa chako ni cha kisasa chenye zile mota ndogo ambazo ndani hazina moyo wa chuma, usizipe vipigo vya polepole, zinachemka.

Kuna wenye hela zao wanatumia vya dijitali, kichwa kina kadikoda ndani, yaani kabodi kadogo ka kupokea amri na kuiongoza mota. Mpwa wangu aliniletea kimoja kutoka Ujerumani, na kwa kweli pale mambo ni mengine. Ile dikoda inasimamisha umeme kwa kitambo kidogo sana, inapima mota inazalisha volti ngapi ikiwa inazunguka yenyewe, hapo inajua spidi yake halisi, ikiona inalegea kwenye kona inaongeza yenyewe. Kuna namba unapanga, namba 2 ni volti za kuanzia, namba 3 jinsi inavyochukua mwendo, namba 4 jinsi inavyosimama. Kadikoda haka kamoja kanazidi thamani ya boksi zima la Karume. Lakini hata hicho nacho kikikanyaga uchafu kinazima kama kingine chochote, hakuna namba ya kupanga ikafuta reli.

Pointi, zile za kugawanya njia, sizimalizi hapa. Nyingi katikati zina kipande cha plastiki kisicho na umeme, kichwa kifupi cha magurudumu manne kikisimama hapo kimeisha, kirefu kinavuka. Kama ndo unanunua leo, kigeuze tumbo uangalie, kinachochukua umeme kwa magurudumu yote mshike usimuache.

Sasa hivi ile ya Karume, na mota yake ya zamani nimeirudisha mwenyewe, natandika tepu ya kupimia pembeni ya reli, inavuka sentimita 100 kwa sekunde hamsini na kitu bila kusita. Mjukuu wangu anaiweka mwanzo wa tepu, anakwenda jikoni kunywa maji, anarudi anaikuta haijafika mwisho, anainama anaweka jicho usawa wa meza anaangalia magurudumu yanavyogeuka. Anakaa hapo mpaka aitwe kula.

Ndugu yangu wa Tabata, kama umeshafuta reli na magurudumu, umezima taa, umetoa nyuzi, na bado inakwama, Mhariri anajua nilipo, sina neno akikuelekeza, njoo siku yoyote isipokua wiki ya kufungua shule. Ila njoo na reli zako pia, usije na kichwa peke yake.

Fundi Cherehani,
Temeke, Dar es Salaam